Mifumo inasomana, sawa. Ikikaa kimya nani anajibu?

Leo naomba tuongelee sentensi moja ambayo nina hakika kila anayesoma hapa ameshaambiwa dirishani: "Mfumo uko chini, njoo kesho." Unaambiwa benki, unaambiwa hospitali, unaambiwa halmashauri, na siku hizi unaambiwa hata na kijana wa steshenari hapa Rwamishenye uliyemwomba akujazie fomu ya mkopo wa chuo. Tumeizoea kama tulivyoizoea mvua ya Bukoba. Mtu anakunja karatasi zake, anaondoka, wala haulizi ni mfumo gani huo ulio chini.

Mimi nasema tuanze kuuliza. Zamani ofisi ilikuwa na kompyuta zake, zikiharibika zimeharibika, kazi inasimama mpaka fundi aje. Siku hizi mambo siyo hivyo tena. Ukijaza fomu moja tu mtandaoni, ombi lako linapita kwenye mifumo minne au mitano ya taasisi tofauti, kila moja na seva zake, wataalamu wake na bosi wake. Kwa hiyo "mfumo uko chini" ni sawa na kumwambia mtu "ndugu yako anaumwa" bila kusema ndugu yupi. Na kwa kuwa haujatajwa yupi, hakuna wa kumuuliza.

Kwa miaka kadhaa sasa neno linalotawala kwenye hotuba za viongozi ni "mifumo isomane". Rais Samia Suluhu Hassan ameliagiza zaidi ya mara moja, mawaziri wanalirudia, na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) imejenga mfumo maalumu wa taasisi za umma kubadilishana taarifa, unaoitwa GovESB. Nalisema mapema nisije nikaeleweka vibaya: hili ni jambo jema kabisa. Sisi wa Kagera tunajua maana ya karatasi moja kukupeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kwa basi, kwenda na kurudi, ukalale kwa shemeji, ufike uambiwe umesahau nakala. Kama ofisi mbili zinaweza kuulizana zenyewe bila mimi kuwa tarishi wao, nani atakataa?

Tatizo langu liko kwenye kipimo. Tunachosikia kwenye taarifa ni idadi: mifumo mingapi imeunganishwa, taasisi ngapi zimejiunga. Idadi haitoshi. Kuunganisha mifumo miwili siku zote mbili zikiwa nzima ni kazi rahisi, mwanafunzi mzuri wa mwaka wa pili anaifanya. Kipimo cha kweli ni kinachotokea siku mfumo mmoja unaulizwa swali halafu unakaa kimya. Na mpaka sasa, mara nyingi anayebebeshwa kimya hicho ni mwananchi aliye mbele ya dirisha.

OMBI LINASAFIRIJE?

Hebu tuelewane kwanza jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana wengi tunadhani mifumo "inasomana" kama watu wawili wanaosoma gazeti moja. Hapana. Mfumo mkubwa wa taasisi, uwe wa mahesabu, wa wanafunzi au wa wagonjwa, haumruhusu mgeni aingie ndani na kupekua. Kila mmoja una lugha yake. Mmoja unaandika tarehe kwa kuanza na mwaka, mwingine unaanza na siku. Mmoja una nafasi tatu za majina, mwingine una nafasi moja ndefu. Serikali yenyewe ilitumia Epicor kwa mahesabu yake miaka mingi kabla ya kuhamia MUSE, mfumo uliotengenezwa na wataalamu wa hapa hapa nchini. Benki zina mifumo yao, kampuni za simu zina yao.

Kwa hiyo katikati inawekwa programu ndogo, kiunganishi. Huyu ni mshenga. Anatumwa na upande mmoja, anafika upande wa pili, anabisha hodi mlangoni, anajitambulisha, anasema alichotumwa kwa lugha ya wenyeji, anapokea jibu na kulirudisha. Mshenga mzuri haingii vyumbani. Anauliza alichotumwa tu. Na akikuta mlango umefungwa, anarudi kusema "sikuwakuta, nitakwenda tena jioni". Mshenga mbaya akikuta mlango umefungwa anapitia kwenye rubisi, na nyumbani mnabaki mnasubiri mpaka usiku hamjui kama mmekubaliwa au mmekataliwa.

Mfano tunaoujua wote ni malipo ya serikali. Mfumo wa GePG ulianza kutumika Julai 2017, na ndio uliotuletea kontroo namba, zile tarakimu 12. Watu wengi wanadhani kontroo namba inatolewa na ofisi unayoilipa. Siyo kweli. Safari yake iko hivi:

1. Mfumo wa taasisi (tuseme mamlaka ya maji au chuo) unaandika ankara yako na kuituma GePG, ikiwa na sahihi ya kielektroniki ili GePG ijue imetoka kwa mwenyewe.

2. GePG inajibu kwanza kwa kifupi: "nimepokea". Angalieni hapo, hiyo bado siyo kontroo namba. Ni sawa na karani kukugongea muhuri wa kupokea barua.

3. Baadaye, inaweza kuwa sekunde chache, GePG yenyewe inabisha hodi kwenye mfumo wa taasisi na kuipa kontroo namba. Kama mlango wa taasisi umefungwa muda huo, namba ipo lakini wewe huioni.

4. Unaenda kwa wakala au unatumia simu. Mfumo wa benki au wa kampuni ya simu unaiuliza GePG: namba hii ni ya nani, ni shilingi ngapi? Ndiyo maana unaona jina na kiasi kabla hujaweka namba ya siri.

5. Unalipa. Benki inaiambia GePG, GePG inaiambia taasisi "fulani amelipa", na taasisi inatakiwa ijibu "nimesikia".

6. Kesho yake pande zinalinganisha vitabu: waliolipa jana kwako ni hawa, kwangu ni hawa, tofauti iko wapi?

Hesabuni wenyewe hodi zilizobishwa hapo. Malipo moja ya shilingi elfu kumi, mazungumzo manne au matano kati ya kompyuta ambazo haziko hata jengo moja. Kila hodi ina nafasi ya kukosa jibu. Kwa hiyo mtu anapokwambia "hela imekatwa lakini kwetu haijaonekana", uwezekano mkubwa ni kwamba wote wawili wanasema kweli. Benki imekata kweli, na taasisi haijaona kweli. Kilichopotea ni ile hodi ya mwisho.

KIMYA KINA AINA ZAKE

Hapa ndipo penye utaalamu, na ndipo wananchi tunapoumia. Kompyuta ikiuliza swali isipojibiwa, haijui sababu. Inawezekana ombi halikufika kabisa. Inawezekana lilifika, likashughulikiwa, ila jibu likapotea njiani likirudi. Kwa muulizaji vyote viwili vinafanana: kimya. Lakini kwa mfuko wako vina tofauti kubwa sana. Kama halikufika, kurudia ni sawa. Kama lilifika, kurudia maana yake unalipa mara mbili.

Dawa yake inajulikana miaka mingi na wala siyo ghali. Kila ombi linapewa namba yake ya pekee tangu linapozaliwa. Likirudiwa, linarudiwa na namba ile ile, na upande wa pili ukiiona unasema "hii nimeshaipokea, jibu lake ni lile lile", hautendi mara ya pili. Mfumo usiofanya hivyo ni mfumo usiokamilika, hata kama ukurasa wake unang'aa namna gani.

Mimi yamenikuta. Niliwahi kulipia ada ya huduma kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Ukurasa ukaganda, simu ikaleta meseji kwamba hela imeenda. Dirishani nikaambiwa "tengeneza kontroo namba nyingine ulipe, ile ya kwanza itajirudisha". Wadau, hakuna kitu kinachoitwa kujirudisha. Kontroo namba ya pili ni ankara ya pili, na ukiilipa umelipa ankara mbili halali kabisa. Nilikataa, nikasubiri. Siku ya tatu malipo yangu ya kwanza yalionekana. Yule dada wa dirishani hakuwa mwongo wala mvivu, ila hakuna kitu kwenye kioo chake kilichomwonyesha ombi langu limekwama kituo gani. Alikuwa anabahatisha kama mimi.

Kuna kimya kingine tunachokitengeneza wenyewe, hasa sisi watu wa intaneti kafe. Siku ya mwisho ya kutuma maombi, saa tano usiku, ukurasa unazunguka. Unabonyeza "tuma". Haujibu. Unabonyeza tena, na tena, na rafiki yako pembeni naye hivyo hivyo. Seva haijui kwamba mibonyezo mitano ni ya mtu mmoja mwenye wasiwasi. Inaona maombi matano. Zidisha kwa nchi nzima, halafu kila ombi hapo linazaa maombi mengine kwenda kwenye mifumo mitatu ya nyuma. Mfumo wa kwanza unaweza kuwa mzima kabisa, ila umejaza foleni ukisubiri wa tatu. Huo ndio mnyororo: kiungo dhaifu kimoja kinawaangusha wote wenye nguvu.

Suluhisho lipo hapa pia. Mfumo uliojengwa vizuri haumwachi mtu anatazama kiduara kinazunguka. Unampokelea ombi lake, unalipanga foleni, unampa namba na kumwambia "tumepokea saa 5:12 usiku, tutakujibu kwa meseji". Muda unaohesabika ni ule wa kupokelewa, siyo muda mfumo mwingine ulipoamka. Hilo tu lingeokoa vijana wangapi wanaolala kwenye viti vya kafe kila mwaka?

SOMO LA LUKU

Mkitaka kuona kimya kikubwa, kumbukeni Mei 2021. Kwa siku kadhaa nchi nzima watu walishindwa kununua umeme wa LUKU kwa simu na kwa mawakala. Foleni zikajaa kwenye ofisi za TANESCO. Umeme ulikuwepo kwenye nyaya. Mita zilikuwa nzima. Hela za wateja zilikuwepo kwenye simu. Kilichokosekana ni kompyuta kutoa tarakimu 20 na kuzifikisha kwa mnunuzi. Mwisho Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dk. Medard Kalemani, akawasimamisha kazi wakuu wa kitengo cha TEHAMA cha shirika.

Sina ubishi na uwajibikaji. Ila jiulizeni: mwenye friji la samaki pale soko la Bukoba alihitaji nini siku ile? Alihitaji njia ya pili. Alihitaji kuambiwa saa ya kwanza, siyo siku ya pili, kwamba tatizo liko wapi na asiendelee kutuma hela. Kumsimamisha mtu kazi kunamaliza habari ya gazetini, hakujengi njia ya pili. Mita ya LUKU kwa maumbile yake haihitaji intaneti, unabonyeza tarakimu inazitambua yenyewe. Waliobuni teknolojia hiyo walifikiria mtandao kukatika. Sisi tulipoizungushia viunganishi vya malipo, tukaiweka tena chini ya mtandao.

MFUMO HAUONI MTU, UNAONA NAMBA

Sasa tuje kwenye kimya kibaya kuliko vyote, kile ambacho mfumo unajibu, tena haraka, lakini jibu ni "hapana" na wewe ndiye mwenyewe.

Kijana wa hapa Rwamishenye anaomba mkopo Bodi ya Mikopo (HESLB). Anaandika namba yake ya mtihani, matokeo na jina vinakuja kutoka Baraza la Mitihani. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA. Namba ya NIDA nayo inaingia. Akienda kuomba kazi kwenye Ajira Portal, ni mlolongo wa namna hiyo hiyo. Kila taasisi hapo ilimwandika kwa mkono wa karani wake, kwa wakati wake.

Na sisi Wahaya majina yetu mnayajua. Karani mmoja anaandika Rwegasira, mwingine Lwegasira. Mmoja anaandika Kyaruzi, mwingine Chaluzi. Shuleni mwalimu aliacha jina la babu, NIDA likaingia. Binadamu akisoma anajua ni mtu yule yule, hata jirani atathibitisha. Kiunganishi hakina jirani. Kinalinganisha herufi kwa herufi, R siyo L, basi, jibu ni "taarifa hazilingani". Hakisemi herufi ipi, wala hakisemi taasisi ipi ikurekebishie. Hapo ndipo danadana inaanza: huku wanakwambia tatizo liko kule, kule wanakwambia liko huku, na tarehe ya mwisho inakaribia.

Tuliliona hili kitaifa wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 1, 2019. Bila namba ya NIDA laini haisajiliwi. Tarehe ya mwisho ilikuwa Desemba 31, 2019, ikasogezwa mpaka Januari 20, 2020. Wote tunakumbuka foleni za NIDA wakati ule. Kuuliza kwa kompyuta kulikuwa kwa sekunde, lakini kitabu kinachoulizwa kilikuwa hakijajaa watu. Mifumo ikisomana, upungufu wa kitabu kimoja unahamia kwenye vitabu vyote.

Mfano mwingine ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa ukusanyaji ni akili nyingi, hakuna anayeikwepa mita. Lakini kiunganishi kinaijua mita, hakimjui mwenye nyumba. Anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Kwa hiyo kodi ya mwenye nyumba ikaanza kukatwa kwa mpangaji, na kazi ya kudaiana ikaachwa kwa watu wawili sebuleni. Hakuna aliyekosea kuandika programu hapo. Walichagua namba ya kushikia, na namba waliyochagua ikaamua nani alipe kwanza. Ndiyo maana nasema haya siyo mambo ya mafundi peke yao. Kuchagua ufunguo wa kuunganishia ni uamuzi wa kisiasa, hata kama umeandikwa kwenye kompyuta.

MLANGO MMOJA, FUNGUO NYINGI

Tukivuka Mutukula tu hapo, Uganda, kuna somo la aina nyingine. Oktoba 2020 wahalifu hawakuvunja benki wala kampuni ya simu. Walimwingilia mtu wa katikati, kampuni ya Pegasus Technologies iliyokuwa inaunganisha malipo kati ya benki na mitandao ya simu. Stanbic, MTN na Airtel zikalazimika kusimamisha kwa muda miamala ya kutoka benki kwenda kwenye simu. Kuta za benki zilikuwa imara, za kampuni za simu nazo. Mshenga ndiye aliyekuwa na funguo za nyumba zote.

Kenya nao Julai 2023 ukurasa wa eCitizen, uliobeba maelfu ya huduma za serikali, ulishambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi ya uongo mpaka ukashindwa kujibu ya kweli. Hawakuhitaji kuvamia wizara moja moja. Kwa kuwa huduma zote zilikuwa nyuma ya mlango mmoja, ilitosha kuziba mlango.

Sisemi turudi kwenye mafaili ya kamba. Nasema ukijenga mlango mmoja, uujue ni mmoja, uweke walinzi wa kutosha na uwe na mlango wa dharura. Na anayebeba funguo za wengi apewe zile tu anazozihitaji kwa kazi yake, siyo rundo zima.

NANI AMECHUNGULIA?

La mwisho ni la siri zetu. Kila kiunganishi kinachoweza kuuliza habari zako kwa nia njema kinaweza kuuliza kwa nia mbaya. Afisa mwenye nenosiri anaweza kumtafuta mchumba wake wa zamani kwa kubonyeza mara moja, bila barua, bila muhuri. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Aprili 2024. Sheria inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje. Nzuri. Ila haki hiyo bila daftari la nani aliuliza nini na lini ni haki ya kwenye karatasi.

Estonia, nchi ndogo kuliko mkoa wa Tabora, iliunganisha mifumo yake ya serikali tangu mwaka 2001 kwa mfumo unaoitwa X-Road. Kule raia anaingia kwenye ukurasa wake na kuona taasisi ipi ilitazama taarifa zake na siku gani. Afisa akichungulia bila sababu, ataulizwa na mwenye taarifa. Kwa mawazo yangu hicho ndicho kitu cha kuiga kabla ya kitu kingine chochote, maana mtu akijua anaonekana, mkono wake unakuwa mwepesi kujizuia.

TUDAI NINI?

Kulalamika bila kudai ni kupiga kelele tu. Mimi nadai manne, na ninyi mtaongeza:

Kwanza, kila ombi la mwananchi lipewe namba na saa ya kupokelewa papo hapo, hata kama mifumo ya nyuma imelala. Tarehe ya mwisho ihesabiwe kwa saa hiyo.

Pili, mtu wa dirishani awe na kioo kinachoonyesha ombi limekwama wapi. "Limetoka kwetu saa nne, linasubiri jibu la taasisi fulani." Sentensi hiyo moja inaua nusu ya danadana.

Tatu, taarifa zisipolingana, mfumo useme ni kipengele gani na nani wa kukirekebisha, na taasisi ya kwanza kugundua ndiyo ianzishe marekebisho. Kama kweli mifumo inasomana, basi nisifanywe tarishi tena wa kuibeba herufi R kutoka ofisi moja kwenda nyingine.

Nne, pamoja na kutangaza mifumo mingapi imeunganishwa, kila mwaka itangazwe pia: maombi mangapi yalikosa jibu, yalikaa muda gani, na watu wangapi walirudishiwa hela zao. Mwenye duka anayekuonyesha mauzo bila kukuonyesha madeni, huyo anakuficha kitu.

Najua kuna mtaalamu atasoma hapa aseme mambo haya yanafahamika. Sawa kaka, yanafahamika kwenu. Ndiyo sababu nawauliza: kama yanafahamika, kwa nini kijana wa Rwamishenye bado anaambiwa "njoo kesho"? Waliojenga GePG na MUSE ni Watanzania wenzetu, na wameonyesha kwamba uwezo upo. Kinachobaki ni kuamua kwamba kimya cha mfumo ni kosa la kushughulikiwa kama hela kupotea, siyo hali ya hewa.

Kwa sasa mjisaidie wenyewe kidogo. Hela ikikatwa bila huduma, usikimbilie kontroo namba mpya, uliza kwanza hali ya ile ya zamani na uitunze meseji ya malipo. Usingoje saa za mwisho. Linganisha majina yako kwenye cheti cha kuzaliwa, cha shule na NIDA leo ukiwa na nafasi, siyo wiki ya maombi.

Haya, uwanja ni wenu. Tuandikie hapo chini: ilikuwa huduma gani, siku gani, ulilipa kwa njia ipi, uliambiwa nini, na ilichukua siku ngapi kupata jibu. Zikikusanyika tutaona zinakwamia wapi. Ila jamani, namba ya NIDA na kontroo namba yako usiiweke hapa, hata kama una hasira kiasi gani.